Mgeni akipewa jembe: Linda afya yako unapojitolea shambani

WAHENGA walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa zama hizo alikuwa mkulima kama mwenyeji wake, na jembe alilokabidhiwa siku ya tatu halikuwa kitu kigeni mikononi mwake. Mgeni wa leo ni mtu mwingine kabisa. Ni karani anayeketi mbele ya kompyuta kutwa nzima, au mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye hajawahi kushika panga, au mwalimu wa mjini aliyeamua kutumia likizo yake ya wiki tatu kusaidia katika shamba dogo la rafiki, la jamaa, au la mkulima ambaye hawajawahi hata kuonana. Halipwi mshahara. Hupewa chakula na mahali pa kulala na, akibahatika, hufunzwa kukama ng'ombe.

Mfanyakazi mwenzangu mmoja alifanya hivyo miaka kadhaa iliyopita. Alikwenda Busia wakati wa palizi ya mahindi, akakaa huko siku ishirini na moja. Alirudi Nairobi kitambi kimepungua na viganja vimeota sugu, nasi sote afisini tukamwonea wivu. Siku ya kumi na mbili baada ya kurudi akaumwa na kichwa na kuhisi baridi. Duka la dawa lililo karibu na kituo cha matatu likamwuzia vidonge vya mafua. Siku ya tatu akaongezewa dawa za kutuliza maumivu. Usiku wa siku ya nne mkewe alimkimbiza hospitali akiwa hawatambui watoto wake mwenyewe. Malaria ilikuwa imefika kwenye ubongo.

Alipona, ingawa alilazwa majuma mawili. Lakini katika siku zile nne hakuna aliyemwuliza swali moja rahisi: mwezi uliopita ulikuwa wapi? Naye hakuona haja ya kulitaja jambo hilo. Alijua yuko nyumbani, na nyumbani kwake hakuna mbu wa malaria.

Sikuandika haya ili kukutisha, msomaji. Kazi ya shamba ni miongoni mwa mazoezi bora ambayo mtu wa mjini anaweza kuupa mwili wake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa angalau dakika 150 kila wiki. Wengi wetu hatufikishi nusu ya muda huo, ilhali shambani utaupita kabla ya Jumatano. Utalala mapema, utakula mboga zilizochumwa jioni hiyo hiyo, na hutasikia kelele za magari. Lakini shamba ni mahali pa kazi, nayo ni kazi yenye hatari zake. Mwenyeji wako amezizoea hatari hizo tangu utotoni kiasi kwamba haoni haja ya kukueleza. Anadhani unajua.

Mpango huu wa kubadilishana jasho na chakula si mpya. Mwaka 1971, katibu mmoja wa afisi jijini London, Sue Coppard, alitamani kutoka mjini japo kwa siku mbili. Akapanga wikendi ya majaribio ambapo watu wa mjini walikwenda kufanya kazi katika shamba moja huko Sussex, kusini mwa Uingereza. Wazo hilo likaenea katika nchi nyingi, na desturi iliyozoeleka ni kwamba mgeni hufanya kazi kwa saa nne hadi sita kwa siku na mwenyeji humpa chakula na malazi. Hapa Kenya wapo wanaojitolea kwa njia hiyo, na wengine hupitia vituo vya mafunzo ya kilimo asilia kama vile Manor House karibu na Kitale. Lakini wengi zaidi hawapitii kokote. Hupiga simu tu kwa binamu.

Na hapo ndipo shida huanzia. Huwezi kumwuliza binamu yako maswali ambayo ungemwuliza mwajiri. Hata hivyo, yaulize. Nitafanya kazi saa ngapi kwa siku? Siku gani nitapumzika? Nitalala wapi, na je, kuna chandarua? Maji ya kunywa yanatoka wapi? Zahanati iliyo karibu iko umbali gani, na usiku mtu akiugua hupelekwa kwa nini? Kumbuka kwamba Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 iliandikwa kwa ajili ya mwajiriwa. Wewe huna barua ya ajira. Panga likikukata mguu, gharama huenda ikawa yako, na mkulima mdogo hana fedha za kukulipia hata akitaka. Basi hakikisha kwamba usajili na malipo yako katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, yako sawa kabla hujapanda basi.

Pitia kliniki kwanza

Nenda kliniki angalau majuma mawili kabla ya safari. Jambo la kwanza ni sindano ya kuzuia pepopunda. Mbegu za ugonjwa huu hukaa katika udongo na katika samadi, hasa ya farasi na ng'ombe, na zinaweza kudumu humo kwa miaka. Haziogopi jua wala mvua. Huingia mwilini kupitia jeraha, na jeraha lenyewe si lazima liwe kubwa. Mwiba au msumari wenye matope unatosha. Dalili, ambazo ni taya kukaza na misuli kujikunja, kwa kawaida hutokea kati ya siku 3 na 21 baadaye, wakati ambapo mtu ameshasahau mwiba wenyewe.

Katika jambo hili wanaume ndio walio hatarini zaidi. Mwanamke aliyewahi kuhudhuria kliniki ya wajawazito yamkini alidungwa sindano hiyo, pengine zaidi ya mara moja. Mwanamume mwenye umri wa miaka 35 huenda alichanjwa mara ya mwisho akiwa mtoto mchanga, na kinga ya utotoni haidumu maisha yote. Ikiwa hukumbuki ulichanjwa lini, basi hesabu kwamba hujachanjwa.

La pili ni malaria. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake huzuia vijidudu vya malaria kukua vyema ndani ya mbu. Busia, Siaya, Homa Bay au Kwale ni habari nyingine. Watu wazima wanaoishi huko wakiumwa na mbu mara kwa mara hujenga kinga ya kiasi fulani, hivyo mwenyeji wako anaweza kuwa na vijidudu katika damu yake na bado akaamka kwenda kulima. Wewe huwezi. Hata kama ulizaliwa na kulelewa huko huko Siaya, kinga hiyo hupungua ukikaa mjini kwa miaka. Wengi hawalijui hili. Husema, "Mimi ni mtu wa huko, mbu wa nyumbani hanidhuru." Mbu hana habari kwamba wewe ni mtu wa huko.

Mwulize daktari kama unahitaji dawa za kujikinga. Baadhi humezwa kila siku, nyingine mara moja kwa wiki, na ni lazima uendelee kuzimeza kwa muda baada ya kurudi. Doksisaiklini, kwa mfano, humezwa kwa majuma manne zaidi. Dawa hiyo hiyo pia huifanya ngozi iungue upesi juani, jambo linalofaa kujulikana na mtu anayekwenda kupalilia. Haitolewi kwa wajawazito. Na ikiwa wewe ni mjamzito, au una ugonjwa wa selimundu, ushauri wangu ni kwamba uchague shamba lililo katika nyanda za juu, Kinangop au Molo, au uahirishe safari.

La tatu ni maradhi uliyo nayo tayari. Mwenye sukari anayejidunga insulini aelewe kwamba kulima hushusha sukari ya damu upesi, na inaweza kuendelea kushuka hata usiku ule. Ale kabla ya kutoka, na awe na glukosi au sukari mfukoni. Amwambie mwenyeji wazi wazi kwamba akionekana anatetemeka, anatoka jasho jembamba au anazungumza ovyo, apewe kitu kitamu mara moja. Asikanyage shamba bila viatu. Pasipo friji, insulini inaweza kuwekwa ndani ya chungu kilichotiwa ndani ya chungu kingine, katikati mkiwa na mchanga uliolowa, na kuhifadhiwa kivulini. Anayetumia dawa za shinikizo la damu zinazoongeza mkojo azungumze na daktari wake, kwa maana juani atapoteza maji mara mbili. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta hata ikiwa hajaitumia kwa mwaka mzima. Vumbi la kupukuchua mahindi na la nyasi kavu halina huruma.

Wiki ya kwanza

Majeraha mengi ya mgeni hutokea katika siku za mwanzo, na chanzo chake ni haya. Mgeni hataki kuonekana mvivu. Anamwona mama mwenye miaka sitini akikata mistari miwili ya viazi bila kuinua kichwa, naye anajilazimisha kumfuata. Jioni hawezi kuketi wala kusimama.

Mwangalie yule mama vizuri, utaona siri yake. Hainami kwa kiuno. Hukunjika kwenye nyonga, mgongo wake ukiwa umenyooka kama ubao, na jembe huliacha lianguke kwa uzito wake mwenyewe badala ya kulisukuma kwa mabega. Mtu wa afisini hujikunja katikati ya mgongo, mahali ambapo pameshadhoofishwa na kiti. Omba jembe lenye mpini mrefu unaolingana na kimo chako. Unapoinua gunia au ndoo, likaribie, piga magoti, lishikilie karibu na tumbo, kisha inuka kwa nguvu za mapaja bila kupinda kiwiliwili. Gunia la kilo 90 si lako hata kama wote wanakutazama.

Siku mbili za kwanza, saa mbili asubuhi na saa moja jioni zinatosha. Ongeza kidogo kidogo hadi siku ya saba. Mwili huhitaji wiki moja hadi mbili kuzoea kufanya kazi kwenye joto, na hakuna ujasiri unaoweza kufupisha muda huo. Anza mapema, saa kumi na mbili na nusu, na ifikapo saa nne na nusu uwe kivulini. Badilisha kazi kila baada ya nusu saa: palilia, kisha chuma mboga, kisha teka maji, ili misuli ile ile isichoke. Kunywa kikombe cha maji kila baada ya dakika ishirini hivi jua likiwa kali, hata kama huna kiu. Vaa kofia pana.

Chunguza mkojo wako pia. Ukiwa wa manjano iliyokolea, unahitaji maji zaidi. Ukiwa na rangi ya kahawia kama soda ya kola, na misuli imevimba na inauma kupita kiasi, hiyo si hali ya kawaida ya uchovu. Misuli iliyofanyishwa kazi ya ghafla inaweza kuvunjika na mabaki yake kuziba figo. Hilo hutokea hata kwa vijana wenye nguvu. Ni la hospitali siku hiyo hiyo, wala halingojei kesho. Kadhalika, mtu akianza kuchanganyikiwa juani na mwili wake ukawa wa moto, mlaze kivulini, mmwagie maji, mpepee, na gari litafutwe huku mkiendelea kumpoza.

Maumivu ya kawaida ya mgongo hayahitaji kitanda. Kulala siku tatu huyazidisha. Punguza kazi, tembea, na weka kitambaa chenye maji ya moto. Lakini miguu ikifa ganzi au ukashindwa kuzuia haja ndogo, tafuta daktari bila kukawia. Malengelenge ya viganjani usiyatoboe. Yakipasuka yenyewe, osha kwa maji safi na sabuni, funika, na siku hiyo pewa kazi isiyohitaji jembe. Usione aibu kumwambia mwenyeji, "Mama, leo mikono imekataa." Atacheka kidogo, kisha atakupa maharagwe uyachambue. Nimechambua mengi.

Kazi ya kukataa

Kuna kazi moja ambayo nakushauri uikatae moja kwa moja, nayo ni kunyunyiza dawa. Wakulima wengi wadogo hunyunyiza nyanya na sukumawiki wakiwa wamevaa shati na kandambili, bomba linavuja mgongoni, na wanasema hawajawahi kudhurika. Baadhi yao huumwa na kichwa kila Jumamosi na hawajui sababu.

Zipo dawa za wadudu ambazo huvuruga mishipa ya fahamu, na huingia mwilini kupitia ngozi bila kuuma wala kuwasha. Mtu aliyedhurika hutoka mate na machozi, hutapika, huendesha, mboni za macho huwa ndogo kama tundu la sindano, misuli hurukaruka na pumzi huwa nzito. Akifikia hapo, uhai wake unategemea saa zitakazopita kabla ya kupata matibabu, ambayo kwa kawaida huhusisha sindano za atropini.

Huduma ya kwanza ni hii. Mwondoe penye dawa. Mvue nguo zote zilizolowa, hata viatu, na mwoshe mwili na nywele kwa sabuni na maji mengi huku mkono wako ukiwa ndani ya glavu au mfuko wa plastiki. Mlaze kwa ubavu. Chukua chupa ya dawa yenye lebo yake mpeleke nayo hospitali, maana daktari hawezi kutibu vyema sumu asiyoijua. Usimpe maziwa. Najua kila mtaa na kila kijiji huamini kwamba maziwa huondoa sumu. Hayaiondoi, na mtu anayetapika huku akipoteza fahamu anaweza kupaliwa nayo akafa kwa hayo hayo maziwa. Pia usimtapishe.

Hata ukikataa kunyunyiza, bado utapalilia na kuchuma. Basi uliza kila asubuhi: shamba hili limenyunyizwa lini, na dawa gani? Lebo huonyesha siku ngapi zipite kabla ya watu kuingia na kabla ya mboga kuliwa. Angalia pia utepe wa rangi ulio chini ya lebo. Mwekundu ni wa sumu kali zaidi, unafuatwa na wa manjano, kisha wa buluu. Wa kijani ndio wenye hatari ndogo zaidi, ingawa nao si maji ya kunywa. Jambo jingine: shambani usinywe kamwe kutoka kwa chupa ya soda usiyoifungua mwenyewe. Watu wamekufa kwa kunywa dawa iliyopimwa dukani na kutiwa katika chupa kama hiyo. Vibuyu vya dawa vilivyokwisha navyo visitumiwe kutekea maji hata vikioshwa mara mia.

Maziwa, mifugo na udongo

Hakuna ladha kama ya maziwa yanayotoka kukamwa, povu likiwa bado juu. Yachemshe. Ng'ombe mwenye bruselosi anaweza kuonekana mzima kabisa huku maziwa yake yakibeba viini vya ugonjwa huo. Hali kadhalika mbuzi na ngamia. Mtu aliyeambukizwa hupatwa na homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na kiuno na uchovu usioelezeka, na dalili hizo huanza majuma kadhaa baadaye. Matibabu yake ni dawa mbili au zaidi kwa muda wa angalau majuma sita. Kuhusu mursik, uliza kama maziwa yake yalichemshwa kabla ya kutiwa kibuyuni. Wengi huyachemsha siku hizi. Moshi na mkaa wa kibuyu haviui viini.

Ugonjwa huo huo humpata mtu anayesaidia ng'ombe kuzaa kwa mikono mitupu. Ng'ombe akiharibu mimba, usiguse chochote kilichotoka, na ikiwa wewe ni mjamzito usikaribie. Mwite afisa wa mifugo. Mnyama aliyekufa mwenyewe naye asichunwe wala asiliwe, hata nyama ikionekana nono, kwa sababu ya kimeta.

Gambuti ndilo vazi lako la kwanza. Hukukinga na misumari, minyoo ya safura, funza na nyoka wengi. Zikung'ute kila asubuhi kabla ya kuzivaa. Funza wakikuingia, usikubali sindano au pini iliyotumika kwa mtu mwingine, kwa kuwa inaweza kukuambukiza Ukimwi au homa ya ini. Nyoka akikuuma, tulia, usitembee, kifunge kiungo kwa kibao ili kisitikisike, vua pete na bangili, mwende hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka. Usichanje, usifyonze, usikaze kamba, na usipoteze muda na jiwe jeusi. Mbwa akikuuma au akikuparura, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha utafute chanjo siku hiyo hiyo, hata kama mwenyewe anaapa kwamba mbwa wake hana neno.

Kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, au mashamba yanayonyweshwa kwa maji ya Ziwa Victoria, kuna kichocho. Minyoo yake hupenya ngozi ukisimama majini. Unaweza kuwashwa siku hiyo kisha usihisi lolote kwa majuma mengi.

Kuhusu tumbo, sina mengi. Chemsha maji, nawa mikono kabla ya kula hata kama kazi imekufanya uwe na njaa ya simba. Ukiendesha, changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote viwe vimesawazishwa, unywe kidogo kidogo. Ukiona damu, au ukashikwa na homa kali, au ukaendesha maji matupu bila kukoma, usingoje, kimbilia zahanati.

Ukisharudi mjini

Sasa umerudi. Umeoga, umelala kwenye kitanda chako, na Jumatatu uko afisini ukisimulia. Huu ndio wakati ambao watu huacha kujichunga, ilhali maradhi mengi niliyoyataja hapo juu hayajaanza hata kuonekana.

Malaria kwa kawaida huchukua angalau siku saba tangu kuumwa na mbu, mara nyingi chini ya mwezi mmoja, na wakati mwingine hukawia zaidi. Kwa hiyo homa yoyote itakayokupata ndani ya miezi mitatu baada ya kutoka sehemu yenye malaria ihesabiwe kuwa ni malaria hadi kipimo cha damu kikanushe. Usikubali kuuziwa dawa dukani bila kupimwa. Kipimo kikisema huna lakini homa inaendelea, rudi upimwe tena kesho yake. Ukipewa dawa za AL, zimeze zote kwa siku tatu pamoja na chakula, hata ukijisikia umepona siku ya pili.

Homa ya kwenda na kurudi inayoanza mwezi mmoja baadaye, pamoja na maumivu ya kiuno ambayo unadhani ni ya kulima, huenda ikawa bruselosi. Damu katika mkojo au katika choo, kwa mtu aliyesimama katika maji ya mpunga, huenda ikawa kichocho, na hata bila dalili afadhali ukapimwe baada ya miezi miwili. Taya likikaza, kimbia hospitali.

Daktari wa Nairobi huwaona wagonjwa wengi wa mafua, na siku hiyo wewe utakuwa wa arubaini katika foleni. Hatakisia kwamba ulikuwa ukikama ng'ombe. Usingoje akuulize. Kabla hajakugusa mwambie: nilikuwa shambani mahali fulani, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, nililala bila chandarua usiku kadhaa, nilikunywa maziwa mabichi, niliingia majini, au nilikuwa karibu na dawa za kunyunyiza. Sema na kile unachokionea haya. Ziandike tarehe hizo kwenye karatasi na uibandike ukutani jikoni, pale ambapo mumeo, mkeo, au yule unayeishi naye chumba kimoja ataiona.

Mke wa mwenzangu ndiye aliyefikisha habari hospitalini usiku ule. Mgonjwa mwenyewe hakuweza kusema chochote. Daktari wa zamu alipouliza kama mgonjwa amesafiri, mama huyo alihesabu kwa vidole akasema, "Alirudi kutoka Busia wiki mbili zilizopita." Damu ikapimwa dakika hiyo.